Soya Nilizotaka Kuzilima

Kosa lilikuwa langu, simsingizii mtu. Pampu niliyopulizia mahindi dawa ya magugu niliisuuza mara moja tu, harakaharaka, nikaijaza dawa ya vidukari na kupulizia soya. Siku ya tano majani yote yalikuwa yamejikunja, mashina yamepinda. Ekari tatu nzima!

Hapa Heilongjiang, kaskazini mwa China, ile siku ndefu kuliko zote ikipita, ukipanda upya jalidi, ile baridi inayogandisha mimea, inakuwahi kabla ya kuvuna. Zilibaki siku mbili. Niliagiza trekta lije kesho yake, lizilime zote na kuzifukia, nipande choroko.

Nilikuwa nimekaa kwenye tuta nikilia kwa hasira alipokuja Guan Yutian, jirani tuliyenuniana naye miaka mitatu kwa sababu ya bata wake.

"Shemeji, nasikia umeita trekta. La nini?"

"La kuzika ujinga wangu. Umekuja kucheka? Haya, cheka!"

"Nitacheka baadaye. Lete kisu."

Aling'oa mche mmoja, akapasua shina. "Ndani rangi gani?"

"Nyeupe."

"Basi uko hai. Ungekuwa wa kahawia ningekwambia lima. Na hapa, chini ya jani, si chipukizi hili? Yaliyojikunja ndiyo basi tena, ila mapya yatakuja sawa. Palilia, udongo upate hewa, ungoje."

"We umejuaje, Kaka Guan?"

Alifuta kisu kwenye suruali kwa muda mrefu. "Nami yalinipata haya haya. Mke wangu akaniambia tungoje. Nikamwita mjinga, nikalima zote. Mche mmoja trekta liliuruka. Ukazaa maganda arobaini. Aliyahesabu mbele yangu, moja moja."

Nilimpigia simu mwenye trekta asije. Asubuhi Guan alifika na jembe lake bila kuombwa, tukapalilia siku nne. Soya zilichelewa kukomaa, na mwaka huo jalidi nayo ikachelewa. Nilishukuru kila asubuhi nilipoamka nikakuta majani hayana jalidi. Nilivuna pungufu kidogo, lakini nilivuna.

Nilipochemsha soya za kutengenezea mabonge ya kuchachusha, yale ya kupikia mchuzi, nilifinyanga mawili zaidi, nikampelekea mke wa Guan.

"Ya nini haya?" aliuliza.

"Yametoka kwenye shamba langu. Mumeo ndiye aliyenizuia nisililime. Aliniambia ningoje."

Aliyashika mabonge yale kifuani, akamtazama mumewe aliyekuwa akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Kumbe siku ile ulinisikia," alisema.