Nyarulima Bado Kijani

Vioo vya dirisha vilipoanza kutetemeka nilikuwa nakula sambusa. Niliinua macho kuitazama skrini kubwa ya ofisi yetu, huku juu ya duka la vipuri, Nyamagana. Kayenze ilikuwa nyekundu. Nyarulima, mwalo, bandari ndogo ambako mume wangu Nkwabi hupanda mtumbwi kwenda kununua dagaa, ilikuwa ya kijani.

Nilifurahi kidogo. Ndivyo moyo ulivyo, hujitazama wenyewe kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba kutoka Kayenze unaiona Nyarulima kwa macho, na upepo wa ziwa haubagui vijiji. Nikaiweka sambusa chini.

Kazi yetu inaelezeka kwa urahisi. Kila mwalo una mashine ya kupima upepo. Upepo ukichafuka, mashine inatuma taarifa yenye jina la mwalo. Programu niliyoiandika mimi inalitafuta jina hilo kati ya majina niliyoiandikia, na ikilipata inageuza rangi kuwa nyekundu na kuwatumia manahodha wa hapo ujumbe kwamba wasitoke, na walioko majini warudi. Isipolipata jina, haifanyi kitu, na rangi inabaki ya kijani. Nilipoandika hivyo niliona nimefanya jambo la busara.

Nilimpigia Nkwabi, aliyekwenda huko asubuhi. Hapatikani. Nikapiga tena, yule mwanamke wa kwenye simu akanijibu vilevile, kwa adabu ile ile ya kuudhi.

"Kaka Rwekaza, njoo uone," nilimwita bosi wangu.

Rwekaza ni Mhaya mwenzangu, mtu wa kupiga pasi mpaka leso. Alikuja taratibu akitikisa funguo. "Mashine ya Nyarulima imezimika?"

"Haijazimika. Tazama taarifa zake zinavyoingia."

Zilikuwa zinaingia mfululizo: Nyarulima, upepo mkali. Nyarulima, upepo mkali. Mashine ilikuwa inalia, na programu yangu imekaa kimya.

Funguo zikaacha kulia. "Jina uliliandika vizuri?"

"Sikuliandika. Nililinakili, kama ulivyoagiza."

Wiki iliyopita mwalo mmoja ulikosa ujumbe kwa sababu mtu aliandika l mahali pa r. Huku kwetu hakuna wa kumcheka mwenzake kwa hilo. Siku ile ziwa lilikuwa limelala, hakuna aliyeumia, lakini Rwekaza alitoa amri: jina lolote lenye l au r lisiandikwe tena kwa mkono. Linakiliwe kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp wa mwenyekiti wa mwalo wenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwao kunavyoitwa. Jana nilikaa nikanakili majina hayo yote. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu makini.

Sasa niliyaweka majina mawili juu na chini, lile la mashine na lile nililonakili kwa Mama Justa, mwenyekiti wa Nyarulima. Tuliyasoma herufi kwa herufi, kidole kwenye skrini. Yalikuwa sawa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilitazama mpaka machozi yakanitoka, na sikuona kitu. Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Kosa linaloonekana unaweza kupigana nalo.

"Iulize kompyuta ina herufi ngapi," Rwekaza alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Niliuliza. Ikajibu kumi.

Tulihesabu kwa vidole, kila mtu kivyake. Tisa.

Ndani ya jina lile kulikuwa na alama isiyo na umbo wala upana, moja ya yale maelfu ya alama ambazo kompyuta inazijua nje ya a mpaka z yetu. Ilikuja na ujumbe wa Mama Justa, na mimi nikaibeba kama ilivyo. Sisi tulisoma Nyarulima. Kompyuta ilisoma jina lingine kabisa.

Nililifuta jina lote nikaanza kuliandika kwa mkono. N, y, a. Kidole kikasimama. Nimeolewa na mtu anayekwenda mwalo huo kila wiki, na sikukumbuka kinachofuata ni r au l.

"R," Rwekaza alisema. "Andika r, dada."

Nyarulima ikawa nyekundu. Ujumbe ukaondoka. Nje, mabati ya jirani yalikuwa yanapigapiga, na ziwa nililoliona kati ya majengo lilikuwa limegeuka jeupe. Nilimwomba Mungu kwa Kihaya, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Dakika kumi na tano zilipita kabla simu yangu haijaita mkononi.

"Tumefika nchi kavu," Nkwabi alisema. Alikuwa anahema na meno yanagongana. "Ujumbe ulitukuta tumetoka kidogo tu, tukageuza. Mtumbwi umepasuka mwambani. Watu wote tupo."

Nililia bila aibu. Nikamuuliza kwa nini walitoka na hali wanaiona.

"Mzee Chenge, nahodha wetu, alikataa kutoka. Alisema hayapendi mawingu yale. Mimi ndiye niliyemwambia, mzee, twende, mke wangu hajatuma ujumbe."

Nilimwambia avue nguo zilizolowa.

Nilipokata simu Rwekaza alikuwa bado amesimama mbele ya skrini, mgongo wake kwangu. Nikatazama anakotazama. Kayenze nyekundu, Nyarulima nyekundu. Irunda ilikuwa ya kijani. Bulahara ya kijani. Lurambo ya kijani. Yote majina ya jana, yenye r au l, niliyoyanakili mimi mwenyewe.

Muda wote ule nilikuwa nimerekebisha mwalo mmoja tu, wa mume wangu.