Ukurasa wa Watoto

Mwalimu mkuu Datius aliniita shuleni hapa Kaagya aniambie kwamba mjukuu wangu Evelyne hajui kuhesabu, kwa hiyo atabaki darasa la awali mwaka mwingine. Mtoto huyo ndiye anayenihesabia mikungu nikivuna! Nilikwenda na matope miguuni, makusudi.

Vitabu vya picha vya kuhesabia vilikuja tangu mwaka jana. Vikafungiwa kabatini visichafuke. Watoto wanaonyeshwa siku ya kupimwa tu, halafu wanaitwa wajinga. Hawa wakubwa ndivyo walivyo. Marehemu mke wangu, Kokushubila, alifia mlangoni mwa zahanati, tabibu yuko semina.

"Mpimeni mbele yangu," nikasema.

"Ta Kagaruki, mzee wangu, hapa si kilabuni," Datius akasema. "Kaa."

"Nimekaa vya kutosha. Mpimeni."

Mwalimu Violeth, binti anayefundisha awali, akafungua kitabu. Evelyne akagusa kuku mmoja mmoja kwa kidole. "Wanne." Ndizi, tano. Samaki, wanane. Nikamtazama Datius, yeye akatazama dirishani. Violeth akafunua ukurasa mwingine: watoto wanacheza mpira.

"Wako wangapi?"

Mtoto akaficha kidole kwapani.

"Umeona?" Datius akasema. "Hapo hapo ndipo alipokwama juzi. Sita haijui."

"Amefika nane, wewe unasema sita haijui?"

"Lazima amalize kurasa zote. Kitabu sikukitunga mimi."

Violeth akainama. "Evelyne, mbona huhesabu?"

"Bibi alikataza. Watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, mmoja anaondoka."

Datius akacheka. "Mambo hayo mpaka leo, Ta Kagaruki? Sensa si ilipita kwako?"

"Ilipita. Nikawaambia tupo, basi."

Sikuwa natania. Nimekua na katazo hilo, na Kokushubila alilishika mpaka anakufa. Huyo aliyechora watoto kwenye kitabu cha kuhesabia alikuja kumuuliza nani huku?

"Tuuruke ukurasa huu, mwalimu," Violeth akamwomba mkuu wake.

"Nikimrukishia huyu, kesho watakuja wangapi? Ahesabu, au abaki."

Wakanigeukia mimi. Evelyne naye alinitazama, macho yananiomba nimchukue tuondoke. Mama yake yuko Ngenge, huko Muleba, analima vibarua kwa watu kwa sababu shule ilimshinda.

"Hesabu," nikamwambia.

"Babu..."

"Hesabu, nimesema!"

Akahesabu bila kugusa karatasi. Sita. Datius akafunga kitabu, akasema Januari ataingia la kwanza. Sikumshukuru.

Nje wenzake walikuwa wanakimbizana uwanjani. Evelyne akasimama, akawa anawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Babu," akauliza, "sasa ataondoka yupi?"