Kuni Zisizotoka Uani

Ua wetu ulikuwa wa kutembelewa. Nilipoolewa niliukuta hivyo. Mama mkwe aliponikabidhi ufagio alinieleza kwa kifupi tu: hapa zamani palikuwa kwa mwami, mfalme wa nchi hii, nguzo za ua wake zilikuwa za mivumu, mwami akafa, nyumba ikaanguka, nguzo zikaota. Ndiyo hiyo miti mikubwa iliyosimama kwa mviringo, na nyumba yetu ndogo imejibanza pembeni yake kama mgeni aliyechelewa.

Ukoo wa mume wangu ndio uliopewa kuitunza. Mti haukatwi. Tawi likianguka lenyewe haliuzwi wala halitoki nje ya ua. Ama lioze pale pale, ama liwake kwenye mafiga ya nyumba hiyo. Na anayefagia ndiye anayekaa. Mume wangu alipofariki nilibaki pale kwa sababu ya ufagio. Shemeji yangu Bonaventura hakunificha, alisema watu wakiwa bado wamekalia mikeka ya msiba: "Shemeji, siku utakaposhindwa kufagia, au siku kuni za miti hii zitakapowaka kwenye jiko la mtu mwingine, nyumba hii nampa mwanangu."

Nikafagia. Majani ya mvumu hayana siku ya kupumzika.

Aliyekuwa akituletea wageni ni Leonidasi, kijana wa ofisi ya wilaya. Aliwapeleka kwanza kwenye maporomoko ya Rusumo, halafu darajani, halafu pale mito inapokutana, na sisi tulikuwa wa mwisho kwa kuwa tuna kivuli cha kulia chakula. Wenye nafasi aliwapitisha hadi Biharamulo kuona boma la Wajerumani. Alipenda kusema kwa sauti kubwa.

"Miti hii," aliwaambia, "ina miaka mia nne!"

Mimi nikamwuliza pembeni, "Leonidasi, mwaka jana si ilikuwa mia mbili?"

"Bibi, wageni wa mwaka huu ni wakubwa zaidi."

Hayo yalikuwa mambo ya kucheka. Mwaka wa tisini na nne watu walivuka lile daraja wakikimbia mauaji ya ng'ambo, wakajaa bondeni kwetu mpaka huoni ardhi, unaona maturubai. Toka siku hizo Leonidasi hakumpeleka mtu tena kwenye maporomoko. Mto ulibeba mambo ambayo hakuna aliyetaka kuyaonyesha, na wale waliotaka kuyaona hakuwapenda.

Kilima kikaanza kwisha. Ilianza mikaratusi kukatwa kuni, ikaja miti ya mipaka ya mashamba, ikaja hata mibuni. Visiki navyo wakavichimba. Asubuhi nikitoka nje niliona mbali kuliko nilivyozoea, na sikufurahi. Lakini sikuwalaumu sana. Waligawiwa mahindi ya punje na maharage magumu, na mahindi ya punje hayaivi kwa kutazamwa.

Miti yetu hawakuigusa. Walipita na mapanga, na wakiifikia wanapunguza sauti, kwa sababu miti ya namna hii kwao pia ipo. Ikabaki peke yake juu ya kilima kitupu, inaonekana toka barabarani, na wageni wakazidi. Walikuja na magari meupe kutazama kambi, halafu wanauliza kile kichaka cha juu ni nini. Nilikuwa nimechoka na wageni, nimechoka na vumbi lao, nimechoka kuitikia shikamoo za watu wasiosubiri marahaba.

Kanyange alikuja mchana, jua kali. Mwanamke wa rika langu, amembeba mgongoni mjukuu wake aitwaye Nice, mtoto mkubwa wa kutosha kutembea lakini hakuwa akitembea. Akasimama nje ya mviringo wa miti, hakuingia. Yeye kwa lugha yake, mimi kwa Kihangaza, tulisikilizana.

"Mama mwenye ua, sikuja kuiba. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Lile tawi kavu pale chini. Nani anaruhusiwa kuliwasha?"

Nikamweleza masharti, nikamweleza na maneno ya shemeji yangu. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake.

"Kwetu ni hivyo hivyo," akasema. "Huyu mtoto anaharisha. Nayaloweka mahindi toka jana yake, nayapika kwa majani makavu, hayaivi, na yeye anayala kwa njaa. Kama huwezi, huwezi. Nimeuliza tu."

"Siwezi."

Akaondoka. Nikashika ufagio, nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Mtu anisamehe nikisema sikumfikiria sana siku ile. Watu wenye shida walikuwa wengi kuliko majani.

Kesho yake nikamwona anarudi. Safari hii mtoto mgongoni na sufuria kichwani, ina mfuniko wa bati. Akasimama pale pale.

"Mama mwenye ua, nimerudi na swali lingine. Kuni hazitoki?"

"Hazitoki. Nilikwambia."

"Na sufuria, inaingia?"

Nikamtazama. Nikaangalia tawi, nikaangalia mafiga yangu matatu yaliyokaa nje ya jiko, meusi, ya tangu enzi za mama mkwe. Nilicheka, nami nilikuwa nimesahau kucheka kunavyoumiza mbavu.

"Ingia," nikamwambia. "Wewe mwanamke una akili ya kusumbua."

Yale mahindi na maharage yalichemka tangu saa hiyo hadi jua linaelekea kuzama. Nice alikula amekaa mapajani mwa bibi yake, macho ndani ya bakuli. Siku iliyofuata wakaja tena. Baadaye wakaja wengine na sufuria zao. Nikawapangia zamu, maana mafiga ni yale yale na matawi ni yale yaliyoanguka tu. Nikaongeza kazi juu ya kazi. Moshi ukapanda kutoka kati ya miti, na moshi kwenye kilima kitupu hauna pa kujificha.

Bonaventura akafika na fimbo yake, anahema.

"Ni nani amesema wakimbizi wapike kwenye miti ya baba?"

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai! Nilikwambia nini kuhusu kuni?"

"Kuna tawi limetoka nje ya ua? Tafuta."

Akatafuta kweli. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachungulia kwenye kichaka cha migomba, akafunua sufuria moja, akaungua vidole, akairudisha.

"Moto huu unapikia nani?"

"Unapikia aliye kwenye ua. Mafiga haya ni ya nani?"

"Ya mama," akasema kwa shingo upande.

"Basi. Mama yako alipikia watu wangapi hapa?"

"Usinichanganye na marehemu, shemeji. Jumapili baada ya misa nitakuja na watu wa ukoo. Na ufagio uwe umeuweka mlangoni." Maana yake nilimwelewa. Ufagio ukiwekwa mlangoni, anauchukua anayefuata.

Nilimwambia Kanyange asije Jumapili. Akaja. Alisema mtoto hajui Jumapili.

Sufuria ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutoa povu magari meupe yaliposimama chini. Leonidasi akapanda mbio mbele ya wageni, amevaa shati lililopigwa pasi, jasho linamtoka.

"Shikamoo bibi. Bibi, zima! Ni watu wa Dar es Salaam na wazungu, wamekuja kuona ua wa mwami, wewe umewawekea mgahawa!"

"Marahaba. Maharage hayajaiva."

"Bibi, nakuomba!"

"Na mimi nimechoka, Leonidasi. Waambie miti ina miaka mia tano, watatazama juu, hawataona sufuria."

Wageni wakafika, na Bonaventura akafika na watu wake wawili kutoka upande wa kanisa, suti yake ya misa imejaa vumbi la njiani. Nilikuwa nimesimama na ufagio mkononi. Sikuuweka mlangoni, ila sikujua nitaushika mpaka lini. Leonidasi akaanza maneno yake ya siku zote, lakini sauti haikuwa na nguvu. Mama mmoja wa Dar es Salaam, mwenye miwani, hakutazama miti. Alimtazama Kanyange na mtoto.

"Hawa wanaopika hapa ni akina nani?" akauliza.

Leonidasi akanigeukia mimi. Nikajua yanakuja. Bonaventura akajongea mbele, akakohoa. Shemeji yangu alikuwa na udhaifu mmoja niliousahau: akiwa mbele ya mgeni hawezi kumwachia mwingine kusimulia ya kwao.

"Samahani," akasema, "huyu kijana ni wa ofisini, hajui. Hapa ni kwa mwami. Kwa mwami mtu hakuingia na njaa akatoka nayo. Kuni za hapa hazitoki nje, ndiyo sheria yetu, kwa hiyo mwenye njaa huingia ndani. Mkiwaona hawa wanapika, mnaona kazi ya ua huu yenyewe. Mafiga ni ya mama yangu."

"Kwa hiyo wana ruhusa yenu?" yule mama akauliza.

"Ruhusa ya ukoo," akasema Bonaventura, na fimbo akaipiga chini.

Wale watu wake wawili wakatazamana. Yeye mwenyewe alichelewa kidogo kusikia alichokisema. Lakini lilikuwa limekwisha kusemwa, mbele ya watu wa Dar es Salaam na mbele ya ndugu zake, na si mtu wa kuyageuka maneno yake mchana kweupe.

Waliposhuka kwenda kwenye magari alipita karibu yangu.

"Matawi yakiisha?" akaniuliza polepole, hasira yote imekwisha, umebaki uzee tu.

"Tutangoja upepo."

"Hm," akasema, akaenda zake.

Wageni waliacha maganda ya mayai na ndizi chini ya miti. Nice alikuwa amelala kwenye kivuli, tumbo limetulia, punje moja ya mahindi imeshika shavuni. Niliinama kuanza kufagia, mgongo ukakataa. Kanyange akaweka bakuli chini, akaja, akashika mpini wa ufagio juu ya mkono wangu. Anayefagia pale huhesabiwa wa nyumba hiyo, naye alilijua toka nilipomweleza masharti.

Nikauachia. Nikakaa.