Ngozi Iliyofunga Sime

Mimi ni mwoga, na nalisema hili mapema nisije nikasifiwa bure. Mama yangu kule Kigera hunitania kwamba hata samaki akitikisika kwenye beseni mimi hupanda kwenye kiti. Lakini Mwalimu Paschal, mkuu wetu wa shule, aliwatazama walimu wote akanichagua mimi niwe mwalimu wa nidhamu, katika shule ya bweni yenye vijana wanaonizidi kimo. Nadhani alitaka mtu asiyebisha.

Ijumaa ile safari ya kwenda Bunda kwenye mechi ilifutwa kwa sababu basi lilikuwa bovu. Burito, beki wa timu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alivua jezi mbele ya ofisi, akaitupa chini na kusema, "Mtaona." Shule nzima ilimsikia.

Jioni nilikuwa ofisini peke yangu nikisahihisha madaftari, jiwe la kwanza likavunja kioo. Nikaingia chini ya meza. Nilikaa huko nikisikia vioo vikimwagika sakafuni na miguu ikikimbia huku na huko. Kulipotulia walimu wenzangu walikuja kunitoa. Nje tukakuta tangi la plastiki la maji limechanwa kwa kitu chenye makali, kuanzia kwenye bomba mpaka juu kupita kimo cha mtu. Maji ya shule yote yalikuwa yanaishia kwenye bustani ya mchicha.

Asubuhi tukafanya msako bwenini. Patroni, msimamizi wa bweni, alishika vyumba vya kidato cha nne, mimi vya kidato cha tatu, mkononi nina kisu cha jikoni nilichoazima kwa wapishi cha kukatia kamba za maboksi. Wanafunzi walisubiri nje na tuliwaita mmoja mmoja. Alipofika Burito, kisu kilikuwa bado mkononi mwangu.

Chini kabisa ya tranka lake, chini ya shuka, palikuwa na sime. Ilikuwa ndani ya ala, na mpini ulikuwa umefungwa pamoja na ala kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, uliozungushwa mara nyingi na kukauka mpaka ukawa mgumu kama kwato.

"Mwalimu, naomba usikate hiyo ngozi," Burito alisema, akapiga hatua moja kuja kwangu.

Hatua moja tu, lakini mimi niliona mawe, vioo na lile tangi vyote vinanijia. Nikainua kisu. "Rudi nyuma," nikamwambia, na akarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikakata ile ngozi kwa pupa, huku jicho moja liko kwake, nikachomoa sime. Ilikuwa inang'aa mafuta. Hapo ndipo nikamwita patroni, naye akanikuta nimeshika silaha mbili na mtoto yuko ukutani, akasema, "Pole, Mwalimu Dorkas." Vipande vya ngozi nilivifagia pamoja na takataka nyingine za msako, vikachomwa shimoni.

Burito alipelekwa nyumbani kwa patroni kumsubiri mjomba wake. Mimi nyumba yangu iko nyuma ya bweni. Nilisukuma kochi mpaka mlangoni, na kila bati lilipolia nilijua ni yeye amekuja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka mpaka nikachoka.

Jumapili nilikuwa kanisani, kwaya inaimba, mawazo yangu yako kwenye ile ngozi. Kwetu ziwani nimekulia kwenye dagaa. Nimeanika dagaa tangu sijaanza shule, na ninajua kitu kilicholowa kinavyosumbua kukauka wakati wa mvua. Na ile ilikuwa Machi. Ngozi mbichi ifungwe Ijumaa jioni, halafu Jumamosi asubuhi iwe ngumu kama kwato? Haiwezekani. Ile sime ilikuwa imefungwa siku nyingi, na haikuwa imetoka ndani ya ala mpaka nilipoitoa mimi. Nilishindwa kuimba. Mtoto alikuwa anakwenda kufukuzwa shule kwa tangi alilochana mtu mwingine, na ushahidi wa kumwokoa niliukata kwa mkono wangu.

Nikaenda kumweleza Mwalimu Paschal. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Hiyo ngozi iko wapi?"

"Imeungua."

"Basi hakuna ngozi. Kuna sime, na kuna tangi. Wazazi wanataka jina, Mwalimu, na ofisini kwa afisa elimu wananipigia simu kila saa. Wewe mbele ya bodi sema ulikuta sime. Huo si uongo." Alisimama kunisindikiza. "Na ukimtetea akabaki, utakayelala naye jirani ni wewe. Mimi nakaaga mbali, Mwisenge."

Nitasema ukweli: nilifurahi kuambiwa ninyamaze. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiambia amri ni amri. Burito akiondoka ningelala usingizi, na usingizi ndicho kitu pekee nilichokitaka duniani.

Bodi ilikaa Jumatano, mwenyekiti akiwa Mama Matrida, mjane mfugaji ambaye haongei sana. Sime iliwekwa mezani. Mjomba wa Burito, Mzee Ryoba, alikuja amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali, akaiangalia sime kwanza kabla ya kumwangalia mtoto.

"Hii niliitoa mimi," alisema. "Kwetu kijana akitoka jando, mjomba anampaga sime. Ila nilimwambia, wewe ni mwanafunzi, hii haifunguliwi mpaka umalize shule. Nikaifunga na ngozi ya yule ng'ombe tulichinja siku yake. Ngozi mbichi. Ikishakauka hauifungui, unaikata tu. Nilitaka nikija niione, nijue."

"Sasa kwa nini ukaileta shule?" Mama Matrida alimuuliza Burito.

"Nyumbani wadogo zangu wangeikata, Mama. Wanachezeaga kila kitu changu. Nikaona kwenye tranka kuna kufuli."

Ndiyo hivyo. Alileta silaha shuleni ili isifunguliwe. Ni kosa ambalo angelifanya mtoto wa kwao tu, na lilikuwa kosa kweli, lakini sikuwahi kusikia kosa lenye adabu kama lile.

"Mbona iko wazi?" Mzee Ryoba aliuliza, na sauti yake ilibadilika. "Nani alikata?"

Burito alitazama chini. "Mwalimu Dorkas."

"Kila mwizi ana wa kumsingizia," alisema Mwalimu Paschal, akacheka kidogo. "Mwalimu, tueleze. Ulikuta nini kwenye tranka?"

Wote wakanigeukia. Nilimwona mkuu akinitazama kwa jicho la kunikumbusha, nikaona kochi langu mlangoni, nikaona na yale mawe. Nilitamani kusema neno moja, sime, nikae chini. Halafu nikamwona mzee wa watu anamkodolea mpwa wake macho, tayari ameamini kwamba amedanganywa.

"Nilikuta sime imefungwa kwa ngozi kavu," nilisema, nimeshika meza. "Aliniomba nisiikate. Niliikata mimi kwa sababu niliogopa. Ile ngozi haikukauka kwa usiku mmoja. Sime hii haikuchana tangi."

Mwalimu Paschal aliweka kalamu chini. Hakunitazama tena siku ile, wala wiki ile.

Mama Matrida aliisukuma sime pembeni. "Haya ni mambo mawili," akasema, "tusiyapike chungu kimoja. Vioo na tangi, huyu hana kesi. Kusema 'mtaona' kila mtu anasemaga akikasirika. Sime bwenini ni kosa, hata ingefungwa na mnyororo. Asimamishwe masomo wiki mbili, sime irudi na mjomba wake. Na msako mwingine mwalimu asiingie peke yake."

"Na tangi?" aliuliza mkuu.

"Mtafute aliyelichana. Si kumkamata aliye karibu."

Mzee Ryoba aliificha sime ndani ya koti lake, ndipo nikaelewa kwa nini alilivaa. Mimi nilirudi nyumbani nikaligusa lile kochi. Kabla ya hapo hofu yangu ilikuwa na jina na namba ya kitanda. Sasa aliyechana tangi alikuwa yeyote kati ya wanafunzi wote, ananiamkia shikamoo kila asubuhi, nami naitikia marahaba.

Burito aliporudi tulimkagua kama tunavyomkagua kila anayetoka nyumbani. Safari hii patroni alisimama kando yangu na mikono yangu ilikuwa mitupu. Burito alifungua tranka mwenyewe, kisha bila kuambiwa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, palepale.

"Si lazima uende mbali hivyo," nilimwambia.

"Hamna shida, Mwalimu."

Nilipekua shuka, madaftari, sabuni. "Burito," nikasema, "siku ile niliogopa sana."

"Hata mimi, Mwalimu," akajibu. "Kisu ulikuwa umeshika wewe."