Kidole Gumba cha Papa Hippolyte

Saa mbili asubuhi Florentine alifika atelie, karakana ya vyuma, amefunga kipande cha sabuni kwenye pindo la kitenge. Sabuni hiyo alikuwa ameisokomeza kwenye tundu la mkono wa pampu ya kisima aliyojiundia uani kwa mabomba makuukuu, ili ichukue kipimo cha pini ya kuushikilia mkono huo. Msumari aliojaribu kwanza ulipinda; kijiti kilivunjika siku hiyohiyo. Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Pasaka, na maji ya ziwa yalikwisha kumuua mtoto wake wa kwanza. Sasa Monique, wa pili, wa mwisho, alikuwa akihara.

Papa Hippolyte, fundi wa kukereza vyuma, aliweka mkono wa kushoto mezani. Mkono huo uligeuka chuma mwaka 1991, mkurugenzi wa atelie alipopakia vyuma vyote melini akaenda kuviuza Kigoma. Ikawa nafuu, maana wateja hawakuacha kuja, na chuma kingine cha kuwatengenezea vipuri hakikuwepo. Mwenye baiskeli alichukua kidole cha kati, mwenye kinu akachukua cha pete na cha shahada. Vilibaki viwili, gumba na cha mwisho.

"Chagua, Mama."

Florentine akapima. Kidole cha mwisho kilikuwa chembamba.

"Hiki kitashika juma moja tu," alisema Papa Hippolyte. "Kile kikubwa njo kitadumu. Lakini nikikupatia, sitaweza tena kushika chuma."

Nyuma ya Florentine walipanga foleni watu sita, kila mmoja na kitu chake kilichovunjika. Walisikia yote. Florentine aliona haya mpaka masikio yakamchoma, akatamani walau mmoja amtukane.

"Nipatie kikubwa, Papa. Mutoto anakufa."

Mzee akakikata kwa msumeno, kutu ikadondoka, akakikereza kwa mkono mmoja, taratibu. Halafu akafunika mashine kwa turubai. Wale sita wakarudi kwao.

Adhuhuri pampu ilitoa maji. Monique akanywa, tumbo likatulia.

Kesho yake Papa Hippolyte alikuja na ndoo, kwani kwake pia kulikuwa kukavu. Florentine akamsukumia pampu. Kila mkono wa pampu uliposhuka, mzee alikunja uso.

"Inauma, Papa?"

"Inauma. Pompa tu."

Nyuma ya mzee mtaa mzima ulikuwa umepanga ndoo. Kule mlimani, mpira wa maji ulikuwa ukimwagilia maua ya mkurugenzi tangu alfajiri. Florentine akaendelea kupompa, akilia, na ndoo ya pili ikasogezwa.