Moyo Waliousikia Watatu

Tangu jana alasiri mtoto alikuwa hachezi. Mama yake, mwenye mimba ya miezi minane na ushee, alijaribu kila alichokijua: alilala ubavu, akanywa maji baridi, akamwimbia, akamkaripia kidogo kama mtoto mtundu. Kimya. Asubuhi akaja hospitali ya chuo kikuu na wifi yake, na tangu waingie hakuna aliyemuuliza kitu. Aliambiwa tu apande kitandani, maana ilikuwa siku ya Profesa kufundisha.

Wakaingia madaktari wanne wanaosomea ubingwa wa uzazi, makoti yao yamepigwa pasi yakakakamaa. Profesa alisimama mlangoni, mikono mgongoni.

"Mashine baadaye. Leo ni masikio. Kila mtu asikilize moyo wa mtoto, ataje mapigo kwa sauti. Asiyesikia akauze karanga!"

Wifi akacheka, akamnong'oneza, "Umeona, wifi? Mwanao hajazaliwa na keshaanza kusomesha madaktari."

Wa kwanza alikuwa kijana mrefu mwenye miwani. Aliweka kipembe cha mbao cha kusikilizia juu ya tumbo, akakiinamia kwa sikio. Mama aliitazama shingo yake. Ilikuwa inatoka jasho.

"Mia moja na arobaini," akasema.

Mama akafumba macho. Yu hai! Kumbe kalala tu, mvivu kama baba yake. Machozi yakamteremka hadi masikioni, akayaacha.

Wa pili hakukawia. "Mia na arobaini." Wa tatu akaongeza chumvi kidogo, aonekane kasikia mwenyewe: "Mia na arobaini na mbili, Profesa." Kila aliyetaja, mama alikuwa kama anakabidhiwa mtoto upya.

Wa nne, binti mfupi, aliinama, akahamisha kipembe, akakihamisha tena.

"Mimi sisikii, Profesa."

"Karanga hizo, za moto!" wa tatu akasema chinichini, wenzake wakacheka.

Binti hakucheka. Akamwinamia mama. "Dada, amecheza lini mara ya mwisho?"

"Jana."

Kicheko kikakatika. Profesa akaja, akasikiliza mwenyewe, kisha akaagiza mashine ya picha. Alikikodolea macho kioo chake muda mrefu. Alipogeuka, aliwatazama kwanza wanafunzi wake.

"Nyinyi mlisikia nini?"

Wa tatu akatazama viatu vyake. Wa pili akasema, "Nilisikia alichotaja mwenzangu."

Profesa akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama. "Mwanangu, pole. Moyo wa mtoto umesimama."

Wifi akapiga ukelele. Mama hakulia. Alijiinua kwa kiwiko, akamnyooshea kidole yule mrefu.

"Huyu kamsikia. Njoo, kaka. Wewe ndiye uliyemsikia wa kwanza."

"Dada, mimi nili..."

"Njoo usikilize tena."

Kijana akamtazama Profesa. Akaja, akaweka kipembe palepale, akainama. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na alipotaka kuinuka, mama akamwekea kiganja kichwani, akamzuia taratibu.

"Usiinuke kwanza, kaka," akasema. "Usiinuke."