Usukani Mikononi mwa Kahangwa

Elieth aliposhuka kwenye chumba cha chini cha boti kuchemsha chai, maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu.

Hakupiga kelele. Alipanda ngazi, akamvuta kaka yake, akamkabidhi usukani. "Kaka, shika hapa. Lenga kile kisiwa, Musira. Usiiache boti ikakimbilia nchi kavu."

Kahangwa hakuwahi kupanda boti. Asubuhi ukoo ulikuwa umemtuma bandari ya Kemondo akamrudishe dada yake nyumbani Ijuganyondo. Elieth alikuwa mpishi wa melini, alipostaafu hakujenga. Alinunua boti kuukuu ya matanga kwa Mzungu aliyekuwa amezunguka nayo ziwa zima, boti yenye vitanda, sinki na kabati la vyombo, akahamia humo.

"Mtu asiyekaa kibanjani, kwenye shamba la ukoo, atazikwa wapi?" Kahangwa alimuuliza gatini.

"Twende wote Bukoba. Tutazungumza njiani."

Sasa betri ilikuwa imelowa na injini imekufa. Lilikuwa limebaki tanga tu, na upepo uliwasukuma kuelekea ufukweni.

"Pale pana mchanga," Kahangwa alisema. "Tuiegeshe, tushuke."

"Kwa mawimbi haya itapasuka. Sina nyumba nyingine, waitu, kaka yangu."

Kahangwa alitazama ule mchanga. Elieth akashuka.

Chini ya sinki, mpira unaotoa maji nje ulikuwa umechanika, na koki ya kuzuia maji ya ziwa yasiingie ilikuwa imeshikwa na kutu. Aliizungusha mpaka kiganja kikachubuka. Haikusogea. Akauchomoa mpira, akaviringisha kitambaa kwenye mpini wa mwiko, akausukuma tunduni. Maji yakamrukia usoni. Akasukuma tena, kwa uzito wa mwili wote.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Aliyetaka asiwe na boti ndiye aliyeshika usukani. Hakuhitaji kutenda ubaya wowote. Kulegeza mkono tu kungetosha.

Boti ililala upande. Sahani zikaporomoka kabatini. Elieth akasikiliza, akingoja mkwaruzo wa mchanga chini yake.

"Kaka?"

Mawimbi yaligonga ubavuni.

"Kahangwa."

"Kisiwa nakiona." Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyebeba kitu kichwani. "Usiniongeleshe."

Mwiko ulishika. Akachukua ndoo, akaanza kuchota na kumwaga nje, bila kupumzika, mpaka sakafu ikaonekana.

Walitia nanga mbele ya Bukoba jua likiwa bado juu. Vidole vya Kahangwa viligoma kufunguka. Elieth akavibandua kwenye usukani kimoja kimoja.

"Nilitaka kuigeuzia ufukweni," alisema Kahangwa. "Si mara moja."

"Najua."

"Mbona hukupanda juu kunizuia?"

"Tundu ningemwachia nani?"

Mtumbwi ulisogea ubavuni. Mwenye mtumbwi akauliza kama kuna abiria wa kushuka. Kahangwa alitazama ng'ambo, kwenye migomba ya vilimani, kisha akaketi. Akavua viatu, akamwaga maji yaliyokuwemo, akavipanga juani, visigino vikiegemea ukingo wa boti.

Mwenye mtumbwi akashika kafi lake, akarudi ufukweni bila abiria.